Kinjeketile Ngwale: maji ya Ngarambe, pamba ya jumbe na chakula cha Rufiji

Jina la Kinjeketile wengi wetu tulilikuta shuleni, kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Vitabu vya historia huandika pia Kinjikitile, na mtu ni huyohuyo. Darasani tulifundishwa kwamba alikuwa mganga aliyewapa watu maji ili risasi za Wajerumani zigeuke maji, na kwamba vita vikaanza, vikashindwa. Mtihani ukafanywa, kitabu kikafungwa.

Lakini Kinjeketile alikuwa mtu wa kwetu. Ngarambe alikoishi iko wilaya ya Rufiji, upande wa kusini, karibu na vilima vya Umatumbi. Mohoro alikonyongwa, ambayo siku hizi wengi huiandika Muhoro, unaifikia ukitoka Kibiti, ukapita Ikwiriri na kuvuka Daraja la Mkapa. Na watu waliomfuata hawakuwa askari. Walikuwa wakulima wa mpunga, mtama na mahindi, wenye deni la kodi na shamba la pamba lisilo lao. Tunapoisoma habari yake kwa jicho la mkulima, tunakuta jambo ambalo wasikilizaji wetu hutuuliza kila msimu wa ufuta na korosho: zao la kuuza likichukua siku zote za kazi, nyumbani watakula nini?

Tuanze na bonde lenyewe, maana bila kulielewa bonde huwezi kuielewa hasira ya mwaka 1905.

Rufiji ya karne ya 19 ilikuwa ghala. Mchele wake ulipakiwa kwenye majahazi huko delta ukaenda kuuzwa Unguja, na boriti za mikoko zikaenda mpaka Uarabuni. Siri ya bonde ilikuwa mafuriko, na kwa kiasi kikubwa bado ni hayo. Mpunga ulipandwa kuelekea masika, mto ukapanda, ukamwaga tope lake na kurudi. Maji yakishuka, watu wakapanda mlau kwenye ardhi iliyobaki na unyevu: mahindi, kunde, maboga. Mwaka ambao mafuriko yalichukua mpunga, mlau uliokoa familia. Mwaka ambao mto haukupanda, watu walitegemea mtama na mashamba ya juu. Hakuna aliyepanga jambo hilo ofisini. Ni akili ya vizazi vingi, na ilihitaji kitu kimoja juu ya vyote, nacho ni mikono kuwapo shambani wakati unaotakiwa. Ukichelewa kupalilia wiki mbili, umepoteza. Ukikosa mtu wa kulala dunguni usiku, nguruwe wamekula kabla yako.

Ndipo wakaja Wajerumani na masharti yao, moja baada ya jingine. Mwaka 1898 misitu ya mikoko ya delta ikatangazwa hifadhi ya serikali, na mtu aliyezoea kukata boriti akajikuta anahitaji kibali na malipo. Kodi ya nyumba ikaanza miaka hiyohiyo, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na rupia haikuota shambani. Ilibidi uuze kitu au ukafanye kazi ya mtu. Uwindaji nao ukawekewa masharti, hata ule wa nyavu ambao vijiji viliutumia kupunguza nguruwe. Matokeo yake mnayajua ninyi mnaolima kandokando ya hifadhi, hatuna haja ya kueleza. Sheria ya kumlinda mnyama hutungwa mbali, naye mnyama hula karibu.

Halafu ikaja pamba. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, bei ikawa haishikiki, na serikali ya kule ikataka pamba kutoka makoloni yake. Gavana Graf von Götzen akaanzisha mpango mwaka 1902 katika wilaya za pwani na kusini: kila jumbe awe na shamba la pamba, na watu wa eneo lake walilime. Kwenye karatasi, mtu mzima alitakiwa kutoa siku 28 kwa mwaka. Mapato yagawanywe mafungu matatu, moja la jumbe, moja la mamlaka ya wilaya, na moja la watu wote waliolima.

Hebu lipige hesabu hilo fungu la mwisho. Theluthi moja ya mapato ya shamba moja, igawanywe kwa kijiji kizima. Mahali pengine malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba watu walikataa kuyapokea. Na zile siku 28 hazikuwa siku za kiangazi watu wanapopumzika. Pamba ilitaka kufyekewa, kupandwa na kupaliliwa wakati uleule mpunga na mahindi yanapomtaka mwenyewe. Askari na wasimamizi wa maakida walikuwa na viboko. Wanaume walipokuwa kwenye pamba, au wamekimbia kuikwepa, mashamba ya chakula yalibaki kwa wanawake, wazee na watoto, na usiku nguruwe wakaingia.

Tunalisema hili kwa sababu mara nyingi huelezwa kwamba wazee wetu waliichukia pamba. Pamba ilikuwako pwani kabla ya Mjerumani, watu waliisokota na kuifuma. Kilichowaudhi ni kulima zao lisilolika, kwenye shamba lisilo lao, siku ambazo walipaswa kuwa kwenye mpunga.

Katika hali hiyo ndipo Kinjeketile Ngwale anapojitokeza. Mwaka 1904, simulizi za wazee zinasema, akiwa Ngarambe alishikwa na pepo aitwaye Hongo. Alianguka, akatambaa kwa tumbo, mikono imenyooshwa mbele, akaelekea kwenye bwawa la mto. Jamaa zake walijaribu kumshika wakashindwa. Akazama mbele ya macho yao. Wakangoja ukingoni, wengine wakiwa tayari wanamlilia, na kesho yake akatoka akiwa mzima, nguo zikiwa kavu, akisema mambo ya siku zijazo. Simulizi hizo zilikusanywa kwa wazee wenyewe miaka ya 1960, na Gilbert Gwassa, John Iliffe na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati waliokuwa vijana mwaka 1905 bado walikuwa hai.

Msikilizaji anaweza kuamini au asiamini habari ya bwawa. Sisi tunaomba atazame pepo mwenyewe ni nani. Hongo alihesabiwa kuwa mdogo wa Bokero, na Bokero alikuwa na mahali pake pa kuombewa kwenye Rufiji ya juu. Watu wa bonde walikwenda kwa Bokero mvua ilipokataa, mto ulipokauka, wadudu walipovamia. Yaani walikwenda kwa ajili ya chakula. Uluguru walikuwa na Kolelo kwa kazi kama hiyo. Kinjeketile basi hakuanza na bunduki. Aliingia kwenye njia ambayo wakulima walishaizoea, njia ya kutafuta mvua na mavuno.

Dawa yake inalionyesha jambo hilo waziwazi. Yalikuwa maji yaliyochanganywa na punje za mahindi na mtama. Watu walinyunyiziwa, wakayanywa, wakayabeba kwenye vibuyu na vipande vya mwanzi shingoni. Iliaminiwa kwamba yanakinga maradhi, yanafukuza nguruwe, yanaleta mavuno, na yanamwondolea mtu uchawi. Kinga ya risasi ilikuwa mojawapo tu kati ya hizo. Ndiyo iliyokumbukwa kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyoua watu wengi.

Kuanzia katikati ya mwaka 1904 njia za kwenda Ngarambe zilijaa. Walitoka Umatumbi, Kichi, Rufiji nzima, Uzaramo, kisha mbali zaidi. Walikwenda kwa makundi, na Kinjeketile alijenga nyumba kubwa ya kuwapokea. Palikuwa na jambo jipya kabisa hapo. Watu wa makabila yasiyosikilizana walikunywa maji yaleyale, na aliwaambia kuwa wote ni wa Mungu mmoja, na waliokufa watarudi. Habari zikapita kwa minong'ono, mtu kwa mtu. Maafisa wa Kijerumani waliona misafara ikipita, wakauliza, wakaelezwa kwamba watu wanafuata dawa ya mashamba kwa mganga. Wakaridhika. Na jibu lile halikuwa uongo, lilikuwa tu nusu ya habari.

Kwa waliokuja, agizo la Kinjeketile lilikuwa kungoja. Wajiandae, wafanye mazoezi, lakini wasipigane mpaka yeye atoe amri. Hapa ndipo tunapomwona mtu mwenyewe vizuri zaidi kuliko kwenye habari ya bwawa. Alikuwa amekusanya imani ya watu wengi kuliko mtu yeyote wa kusini kabla yake, na alijua kwamba bado haitoshi. Wamatumbi ndio waliochoka kungoja. Msimu wa kuchuma pamba wa mwaka 1905 ulikuwa umefika, viboko vilevile, fungu lilelile. Mwishoni mwa Julai, Nandete, wazee wawili wanaokumbukwa kwa majina, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa miche michache.

Miche michache tu. Kung'oa pamba ya serikali kulikuwa ni kutangaza vita, na kila mtu alilifahamu hilo. Ngoma ikapigwa, akida wa Kibata akavamiwa, na moto ukashuka hadi pwani.

Kinjeketile hakuviongoza vita hivyo. Alikamatwa akapelekwa Mohoro, kwenye kituo cha utawala cha Wajerumani, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa aliwaambia wanyongaji wake kwamba hawafanyi kitu, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Akiwa ameyasema hayo au la, ndivyo ilivyokuwa. Ndugu yake aliendelea kugawa maji baada yake. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge wakiamini maji, wakakutana na bunduki za rashasha. Ungoni, Ungindo, Umwera, Uvidunda, kote kukawaka.

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu sehemu inayofuata haimo sana kwenye tamthilia wala kwenye nyimbo za mashujaa, nayo ndiyo iliyowagusa watu wengi zaidi.

Wajerumani walipoona kwamba wapiganaji wanajificha porini na kurudi usiku, walibadili mbinu. Kapteni mmoja, Wangenheim, alimwandikia gavana kwamba vita vya bunduki peke yake vitachukua muda mrefu, na kwamba njaa ndiyo itakayowalazimisha watu kusalimu amri. Vikosi vikaanza kuchoma vijiji, kuvunja maghala, kuchukua nafaka na kuteketeza mashamba yaliyokaribia kuvunwa. Watu waliokuwa mafichoni hawakuweza kupanda msimu wa 1905 kuelekea 1906. Mbegu zililiwa. Mkulima anajua maana ya kula mbegu: umekula na mwaka unaofuata.

Vita vyenyewe viliendelea kwa vipande mpaka mwaka 1907. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa, aliyefanya utafiti baadaye, aliweka idadi kati ya 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa ya hao walikufa kwa njaa na maradhi yanayofuatana nayo. Sehemu nyingine za kusini zilibaki bila watu, pori likarudi juu ya mashamba, na mbung'o wakafuata pori. Nguruwe na tembo walipata nchi. Baadhi ya maeneo hayo yaliingizwa baadaye kwenye pori la akiba la Selous. Kwa hiyo ukisimama Ngarambe leo ukitazama upande wa hifadhi, baadhi ya unachokiona kama pori la tangu na tangu ni mashamba ya watu ambao njaa iliwamaliza.

Tumeona inafaa kuvuka bara kidogo hapa, kwenda Afrika Magharibi, kwa kuwa miaka hiyohiyo wakulima wa huko walikuwa wakiingia kwenye zao jingine la kuuza Ulaya, nao hali yao ilikwenda tofauti. Zao hilo ni kakao, ile ambayo kwetu Tanzania inajulikana zaidi Kyela. Fundi chuma mmoja wa Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana, jina lake Tetteh Quarshie, alikwenda kufanya kazi kisiwa cha Fernando Po, akarudi na mbegu, akazipanda Mampong mwaka 1879. Alifariki 1892, kabla hajaona ukubwa wa alichokianzisha. Majirani waliomba na kununua mbegu, wakapanda kwenye mashamba yao. Kufikia mwaka 1911 Gold Coast ilikuwa inaongoza duniani kwa kakao.

Angalia jinsi walivyopanda. Mche wa kakao mdogo hauvumilii jua kali, unataka kivuli. Wakulima wakaweka katikati yake ndizi na majimbi, kwa hiyo miaka ile ya kungoja kakao izae, shamba hilohilo liliwalisha. Hakukuwa na siku 28 za jumbe. Kila mtu aliamua apande kiasi gani, na fedha ikiingia alijua ni yake.

Hatusemi kwamba Ghana imekwepa tatizo. Miti ikikomaa hufunga kivuli, na chakula hakioti tena chini yake. Nchi ile leo inaagiza mchele mwingi na ngano yote inayokula. Mwezi Machi 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, baada ya maradhi ya miti na hali mbaya ya hewa kupunguza mavuno ya Ghana na Ivory Coast, na bado mkulima wa Ghana hakuipata bei hiyo, kwa kuwa bei yake hupangwa na bodi na sehemu kubwa ya zao ilikuwa imeshauzwa mapema kwa bei ya chini. Wanaosubiri mnada wa ufuta huku kwetu wataelewa hisia hiyo bila mkalimani. Lakini kati ya mkulima wa Mampong aliyechanganya kakao na ndizi kwa hiari yake, na mkulima wa Nandete aliyepelekwa kwenye pamba kwa kiboko, kuna umbali mkubwa, na umbali huo ndio uliomfanya mtu wa Ngarambe afuatwe na maelfu.

Tukirudi Rufiji. Götzen aliondoka mwaka 1906. Gavana aliyemfuata, Rechenberg, aliachana na mashamba ya pamba ya majumbe. Hakuwa na huruma ya pekee kwetu, alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ilionyesha kwamba mpango ule uligharimu vita. Akapendelea mkulima apande mwenyewe na auze mwenyewe. Kwa maana hiyo, lile lililodaiwa Nandete kwa kung'oa miche lilikubaliwa, ingawa waliolidai wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Na pamba ilirudi. Hili huwashangaza wengi tunapolisimulia. Wakati wa Waingereza, Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya za pwani zilizouza pamba kwa wingi, na waliolima walikuwa wana na wajukuu wa watu walewale. Waliiweka kwenye mlau. Maji yakishuka walipanda mahindi kwenye tope, na katikati ya mahindi wakatia pamba. Mahindi yalivunwa kwanza yakapelekwa nyumbani, pamba ikabaki shambani ikipasuka taratibu katika jua la kiangazi, na mwenye shamba akaichuma kwa wakati wake, akaipeleka sokoni, akalipa kodi, akabakiwa na kitu cha kununulia kanga.